Kupima Pampu ya Petroli ya Ford V8 ya Zamani
Ford Model A, iliyoundwa hadi mwaka 1931, haikuhitaji pampu ya petroli, kwa kuwa tangi lake lilikaa juu, mbele ya dereva, na petroli ilishuka yenyewe hadi kwenye kabureta. Ford V8 ilipotoka mwaka 1932, tangi lilihamishiwa nyuma na kuwa chini kuliko kabureta, hivyo kazi ya kuvuta petroli ikaangukia pampu ndogo ya kiwambo (utando unaonyumbulika) iliyofungwa juu ya injini. Mimi huzitengeneza injini hizo, na ninasisitiza kwamba geji ya presha peke yake haitoshi kuihukumu pampu hiyo.

Kemshafti, yaani mhimili wa injini unaofungua vali, husukuma kijiti cha chuma, kijiti husukuma mkono wa pampu, na mkono huvuta kiwambo ili petroli iingie. Lakini kinachokirudisha kiwambo na kuipeleka petroli kwenye kabureta ni springi. Kwa hiyo presha, ambayo kwa kawaida huwa kama pauni 2 hadi 3 kwa inchi ya mraba, hutegemea nguvu ya springi. Kijiti kikilika, kiwambo huvutwa kidogo tu: geji inaweza kuendelea kusoma vizuri gari likiwa limesimama, ilhali kwenye mlima mrefu petroli itapungua na injini itaanza kumisi (kukatakata moto).

Ndiyo maana mimi hupima pia wingi wa petroli inayotoka. Hufungua bomba upande wa kabureta, nikalielekeza kwenye chupa yenye vipimo, mbali kabisa na ekzosti na nyaya za plagi, kisha huiacha injini iungurume taratibu kwa petroli iliyobaki ndani ya kabureta. Pampu isiyo na hitilafu hutoa takribani nusu lita kwa dakika. Mapovu yakionekana, hewa inaingia mahali fulani kwenye njia ya kutoka tangini. Hapo hufunga geji ya vakyumu, inayopima nguvu ya mvuto, kwenye mdomo wa pampu unaoingiza petroli. Ikifika inchi 10 za zebaki na kutulia, pampu haina kosa, na mabomba ndiyo ya kukaguliwa.

Kiwambo kilichotoboka ni hatari zaidi, kwa sababu petroli huvujia kwenye oili. Petroli ya siku hizi yenye ethanoli huviharibu haraka viwambo vya zamani, kwa hiyo mimi hunusa kijiti cha kupimia oili kabla ya kipimo chochote. Kikinuka petroli, siwashi injini hiyo mpaka kiwambo na oili vibadilishwe.