Je, mtoto mwenye mahitaji maalumu anawezaje kujifunza bila mtaala?

Mtoto mwenye usonji anaweza kutumia saa nzima akizungusha magurudumu ya kigari, kisha zoezi la hesabu likamshinda kwa dakika tano. Wengi husema hana umakini. Kumbe umakini anao tele, ila uko kwenye magurudumu. Wazazi wanaomsomesha mtoto bila mtaala huanzia hapohapo.

Aliyeipa njia hii jina la Kiingereza, unschooling, ni John Holt, mwalimu wa Marekani, ambaye mwaka 1977 alianza kuchapisha jarida kwa familia zilizoifuata. Kwake, mtoto ana hamu ya kujua tangu kuzaliwa, na shuruti huigeuza hamu hiyo kuwa hofu. Kwa hiyo hakuna ratiba wala mitihani, tofauti na elimu ya nyumbani ya kawaida. Mtoto hutangulia, mzazi humfuata akiwa na vifaa.

Mtoto wa namna hii hufaidika kwa sababu mara nyingi ukuaji wake hauendi sambamba na umri. Anaweza kusoma vizuri kuliko wenzake huku vifungo vya shati vikimtoa jasho, na darasa linalopangwa kwa umri halina nafasi yake. Tena kuna kelele, kengele na taa kali: wapo wanaomaliza nguvu zote kwa kuvivumilia kabla somo halijaanza.

Basi mzazi hamnyang'anyi kigari. Anaketi sakafuni kando yake, analeta kingine chenye magurudumu makubwa, anaegemeza ubao uwe mteremko. Kipi kitafika mbali? Asiyezungumza hujibu kwa kuonyesha kadi ya picha. Wanapima, wanahesabu, na wanapokezana zamu, jambo ambalo kwa mtoto huyu huenda ndilo gumu kuliko hesabu yenyewe.

Lakini kumfuata mtoto si kumtelekeza. Tiba ya usemi na mazoezi ya viungo, kama anavihitaji, huendelea. Na mwenye disleksia, yaani tatizo la kusoma na kuandika maneno, kwa kawaida huhitaji kufundishwa waziwazi, hatua kwa hatua, jinsi herufi zinavyobeba sauti. Kukaa ukingoja asome siku atakayotaka mwenyewe ni kumdhulumu, hata kama falsafa yako inasema hivyo. Vipindi viwe vifupi, kwa maneno anayoyapenda, lakini viwepo.

Aliyetoka shule akiwa amechoka anaweza pia kukataa kila kitu kwa majuma au miezi. Apumzike kwanza, kumharakisha hapo ni kuirudisha shule kwa mlango wa nyuma.

Sheria nazo hutofautiana. Marekani inaruhusu elimu ya nyumbani katika majimbo yote 50, kila moja kwa masharti yake, ilhali Ujerumani humlazimu mtoto kwenda shule. Huko Uingereza, katika eneo la England, mtoto aliyepelekwa shule maalumu na mamlaka ya eneo lake haondolewi bila idhini ya mamlaka hiyo. Kabla ya kumwondoa, uliza pia ni tiba zipi zinazotolewa kupitia shule, kwa maana zinaweza kukoma siku hiyohiyo jina lake likifutwa.