Ukihama Mwalo, Hamisha na Jina Lako Daftarini

Mvuvi akihama mwalo (kituo cha kushushia samaki) wa Kalya kuja wa Kibirizi, mkoani Kigoma, huhama na nyavu, taa na familia. Jina lake katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura hubaki Kalya mpaka mwenyewe aende kulihamisha. Asipofanya hivyo, siku ya uchaguzi atafika kituo cha jirani na kadi halali mkononi, lakini jina halitakuwemo kwenye orodha iliyobandikwa: kadi yake ni ya Jimbo la Kigoma Kusini, naye yuko Kigoma Mjini. Msimamizi wa kituo hana namna ya kumsaidia siku hiyo.

Ukanda wetu una watu wengi wa aina hii. Kuna wanaofuata dagaa mwalo kwa mwalo, kuna vijana wa Kasulu na Buhigwe wanaokwenda kulima tumbaku Kaliua, Urambo na Sikonge, na kuna mabinti walioolewa mbali na kwao. Uchaguzi Mkuu wetu hufanyika Oktoba, wakati wakulima wengi wa tumbaku wako kambini na miche yao. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: Oktoba ya uchaguzi nitakuwa wapi? Huko ndiko jina lako liwe.

Anayehama kata au jimbo haandikishwi upya. Anakwenda kwenye kituo cha kuandikisha kilichopo anakoishi sasa, akiwa na kadi yake ya zamani, na anasema wazi kwamba anahamisha taarifa. Hapo anajaziwa fomu ya kurekebisha taarifa na kupewa kadi mpya. Wengi hukosea hapa: mtu huficha kadi ya zamani na kujitambulisha kama mpiga kura mpya, akidhani ndiyo njia ya mkato. Alama za vidole zake zimo tayari kwenye kanzidata, na mfumo huzilinganisha. Kujiandikisha zaidi ya mara moja ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani Na. 1 ya mwaka 2024. Adhabu yake ni faini ya shilingi 100,000 hadi 300,000, au kifungo cha miezi sita hadi miaka miwili, au vyote pamoja. Inaumiza kuona mtu anaingia kwenye kosa kubwa namna hiyo kwa jambo ambalo angelifanya kihalali, bure, katika foleni ileile.

Anayeandikishwa kwa mara ya kwanza awe raia wa Tanzania mwenye umri wa miaka 18, au atakayeitimiza ifikapo siku ya uchaguzi. Kijana wa miaka 17 asirudishwe nyumbani kabla tarehe yake ya kuzaliwa haijapigiwa hesabu. Raia wa tajnisi, wakiwemo wakimbizi wa zamani waliopewa uraia wakiishi Ulyankulu, Tabora, wana haki hii sawa na wengine. Mkimbizi aliyeko kambini, kama Nyarugusu, hana, na asikubali kushawishiwa na mtu yeyote kupanga foleni.

Kituoni, mwandishi msaidizi hujaza fomu, kisha mwendesha mashine ya BVR (ya kuandikisha kwa alama za vidole na picha) huingiza taarifa, huchukua alama za vidole, saini na picha, na kadi huchapishwa hapohapo. Vidole vilivyochubuliwa na nyavu au kukolea utomvu wa tumbaku husumbua mashine, hivyo nawa kwa sabuni na ukauke vizuri kabla ya kufika mezani. Ukiwa na cheti cha kuzaliwa au kitambulisho cha Taifa, nenda nacho ili jina liandikwe kwa herufi zilezile. Herufi moja ina uzito wake: katika uchaguzi wa 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi iliruhusu waliopoteza kadi kupiga kura kwa kitambulisho cha Taifa, pasipoti au leseni ya udereva, kwa sharti kwamba wamo daftarini na majina yanafanana. Soma kadi yako yote, jina, tarehe na kituo, kabla hujanyanyuka.

Jambo jingine linalochanganya wengi ni daftari la mkazi. Lile la Oktoba 2024 lilikuwa la uchaguzi wa serikali za mitaa, chini ya TAMISEMI (ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), na halikutoa kadi. Aliyeandikwa humo tu bado hayumo katika Daftari la Kudumu.

Kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine, Tume huboresha daftari mara mbili. Kabla ya uchaguzi wa 2025, awamu ya kwanza ilizinduliwa hapa Kigoma tarehe 20 Julai 2024, ikaanza na Kigoma, Tabora na Katavi. Vituo vilikuwa wazi kwa siku saba, kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 12:00 jioni. Awamu ya pili, mwaka 2025, ilikuwa na vituo vichache zaidi. Ushauri wetu ni kwenda awamu ya kwanza, siku mbili za mwanzo, maana foleni ya siku ya saba huwa ndefu mno. Wazee, wagonjwa, wenye ulemavu, wajawazito na wanaonyonyesha hupewa kipaumbele. Mwenye kadi ya 2015 au 2020 isiyo na kasoro, na ambaye hajahama, hana haja ya kwenda.

Aliyemo daftarini anaweza kuanza kurekebisha taarifa zake kwa simu janja kupitia mfumo wa Tume, lakini bado lazima afike kituoni kukamilisha. Wako waliojaza mtandaoni wakaishia hapo, wakabaki na taarifa za zamani.

Daftari la awali linapobandikwa, nenda ukakague. Tafuta jina lako, kisha angalia na ya nyumbani kwako. Ukikuta jina la marehemu, toa taarifa kwa mwandishi msaidizi ili lifutwe.