Je, wajua kwa nini wachezaji wa Pokémon hujiwekea sheria ya kifo?

Ukicheza Pokémon, gemu za kukamata viumbe na kuwapambanisha, kama ilivyotengenezwa, hakuna anayekufa. Kiumbe wako akipigwa hadi nguvu zikamwishia, anazimia tu. Unampeleka kwenye kituo cha matibabu, muuguzi anampokea, wimbo mfupi unalia, na baada ya sekunde chache unarudishiwa akiwa mzima bila kulipa hata senti. Ukishindwa pambano zima, katika gemu za awali unapoteza nusu ya fedha zako na kurudishwa kituoni ujaribu tena. Mfululizo huu ulianza Japani mwaka 1996 ukiwalenga watoto, na upole huo una sababu: mtoto akivumilia, atafika mwisho.

Iweje basi watu wazima, tena waliokwisha kuzimaliza gemu hizi, wazirudie kwa sharti kwamba kiumbe akizimia mara moja amekufa na hatumiki tena?

Sharti hilo lilienea kuanzia mwaka 2010, kupitia mwanafunzi Mmarekani aitwaye Nick Franco. Alikuwa akiirudia Pokémon Ruby, moja ya gemu za mfululizo huu, na akaona haimpi tena msisimko, akajitungia sheria mbili. Ya kwanza ni hiyo ya kifo: aliyezimia anaachiliwa aende zake, au anafungiwa daima kwenye hifadhi, yaani mahali wanapowekwa viumbe wasio kikosini. Ya pili: katika kila eneo unaruhusiwa kumkamata kiumbe wa kwanza tu unayekutana naye. Akikimbia au ukimzimisha kwa bahati mbaya, eneo hilo limekupita. Franco alichora yaliyomkuta kama katuni, akaiweka mtandaoni, na wasomaji wakaanza kuiga. Mtindo wenyewe unaitwa Nuzlocke, jina lililotoka kwa Nuzleaf, kiumbe aliyemchora kwa sura ya John Locke, mhusika wa tamthilia ya runinga ya Lost.

Wengi hudhani mvuto wake ni ugumu. Ugumu upo, lakini kwa maoni yangu sheria ya pili ndiyo yenye siri kubwa zaidi. Mchezaji wa kawaida huchagua kikosi kabla hata hajawasha mashine: anajua nani ana nguvu, anamfuata alipo, na wengine wote anawapita bila kuwatazama. Nuzlocke inamnyang'anya uchaguzi huo. Ukiingia pango la Dark Cave katika Pokémon Gold ukakutana na Zubat kwanza, basi Zubat ndiye wako, hata kama ulimtaka Geodude, kiumbe wa jiwe. Itabidi ujifunze anachoweza kufanya popo huyo ambaye miaka yote ulimkimbia. Wachezaji wengi wameongeza kanuni ya tatu, kwamba kila kiumbe apewe jina lake, na ina nguvu kuliko inavyoonekana. Popo asiye na jina anapotea bila kukuuma. Uliyempa jina na kumtegemea kwa saa nyingi utamkumbuka.

Tazama pambano moja linalojulikana sana. Katika Pokémon Gold na Silver, kiongozi wa tatu, yaani mmoja wa wapinzani wakuu unaopaswa kuwashinda, ni Whitney wa mji wa Goldenrod, mwenye Miltank wa kiwango cha 20. Ng'ombe huyo ana shambulio la Rollout ambalo nguvu yake hujizidisha mara mbili kila linapopiga mfululizo: 30, 60, 120, 240, hadi 480. Ana Attract, inayowapumbaza viumbe wa kiume wakashindwa kupiga karibu nusu ya nafasi zao, na wale wa kuanzia unaopewa mwanzoni mwa gemu huwa wa kiume mara 7 kati ya 8. Ukimjeruhi, anakunywa maziwa na kurudisha nusu ya uhai wake.

Katika mchezo wa kawaida unamtupia viumbe mmoja mmoja wazimie huku wengine wakipata nafasi, kisha unakwenda kuwatibu. Katika Nuzlocke kila mmoja wa hao ni kaburi. Kwa hiyo unakaa chini na kupanga. Unatafuta wa kike asiyeguswa na Attract. Kama Dark Cave ilikupa Geodude wa kike, umebarikiwa, maana Rollout na Stomp, shambulio jingine la Miltank, humuumiza nusu tu. Kama ilikupa Zubat, Rollout itamuumiza maradufu, na inabidi ufikirie upya kabisa. Pambano la dakika tano linakula jioni nzima, na pigo la bahati, lenye nguvu kuliko kawaida, ambalo hutokea takriban mara 1 kati ya 16, linaweza kuuvuruga mpango wote.

Waliozoea wameyakaza masharti zaidi. Hawatumii dawa katikati ya pambano, na hawavuki kiwango cha kiumbe mkubwa wa kiongozi anayefuata. Kwa Ruby hiyo ni kusema hakuna kupita kiwango cha 15 kabla ya Roxanne, kiongozi wa kwanza, kwa sababu Nosepass, kiumbe wake mkubwa, ni wa 15. Wapo pia wanaocheza wawili wawili: viumbe waliokamatwa katika eneo moja wanafungwa pamoja, na wa mwenzako akifa, wako naye amekwenda.

Hakuna programu inayosimamia haya yote. Gemu haijui kwamba umeapa. Geodude aliyezimia bado atapokewa na muuguzi na kurudi akiwa mzima. Mchezaji ndiye refa wake mwenyewe, kama mtoto anayepiga danadana kwa mguu wa kushoto tu ingawa wa kulia anao. Ndiyo maana masharti huandikwa kabla ya kuanza, hasa yale ya utata. Je, ukikutana na aina ambayo tayari unayo, inahesabika? Wengi husema hapana, unangoja nyingine. Je, ukikutana na kiumbe wa rangi adimu? Wengi huruhusu kumkamata, kwa kuwa huenda usimwone tena.

Anayetaka kujaribu aanze na gemu aliyokwisha kuimaliza, kwa sababu kujua Whitney anakuja na nini ni nusu ya kumshinda, na aamue mapema: kikosi chote kikifa, anaanza upya au anaendelea na waliobaki kwenye hifadhi?