Tabo au supachaja kwenye gari la dragi (mbio fupi za mstari ulionyooka): yanayosemwa na yaliyo kweli

"Tabo ni nguvu ya bure, supachaja inaila injini."

Zote mbili ni mashine za kusukuma hewa ya ziada ndani ya injini, na zote mbili hula nguvu za injini hiyo. Supachaja huzungushwa na mkanda kutoka puli ya krankshafti, kwa hiyo inachokula kinaonekana. Kwenye magari ya Top Fuel ya Marekani (daraja la kasi zaidi la dragi) hufika mamia ya nguvu za farasi. Tabo hula kwa kificho. Turbini yake, gurudumu linalozungushwa na moshi wa ekzosi, hubana njia ya moshi, na pistoni hulazimika kuusukuma nje kwa nguvu. Ukitaka kujua ni kiasi gani, chomelea kijibomba kwenye manifoldi ya ekzosi kabla ya turbini, ukiunganishe na geji. Presha ya moshi ikikaribiana na busti (presha ya ziada ya hewa inayoingia kwenye injini), tabo imechaguliwa vizuri. Ikiwa mara mbili ya busti, turbini ni ndogo mno: moshi unabaki ndani ya silinda, joto linapanda, na busti ya ziada haikupi mwendo.

"Tabo inachelewa kuamka, haifai kuondokea."

Barabarani hoja hii ina uzito. Kwenye dragi, busti hujengwa kabla taa haijawaka kijani. Kompyuta ya injini hukata cheche kwenye mizunguko iliyopangwa, tuseme 4,500 kwa dakika, na kuichelewesha ili mafuta yamalizie kuungua kwenye ekzosi na kuizungusha turbini. Gari la otomatiki hushikiliwa na breki iliyo ndani ya giaboksi yenyewe. Tatizo la kweli hapa mara nyingi ni konveta, kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi: ikishika mapema, injini haifiki mizunguko ya kujenga busti, ikiteleza kupita kiasi, nguvu zinaishia kuwa joto kwenye oili ya giaboksi mwisho wa mbio. Na usishikilie zaidi ya sekunde chache, maana valvu za ekzosi na turbini zinaungua.

"Supachaja hutoa busti papo hapo."

Supachaja ipi? Za Roots na za skrubu husukuma kiasi kilekile cha hewa kila mzunguko, hivyo busti ipo tangu chini. Ya sentrifugali ni kompresa ya tabo (upande wake wa kubana hewa) iliyovishwa mkanda, na busti yake hupanda takriban kwa mraba wa mizunguko: ikitoa bar 1.2 kwenye 7,000, tegemea kama 0.3 kwenye 3,500. Kwa tairi nyembamba huo si ubaya, kwa sababu gari haliteketezi tairi mstarini. Lakini chunga mkanda. Geji ya busti ikishuka huku mizunguko inapanda, na vumbi jeusi limejaa karibu na puli, mkanda unateleza.

"Bar 1 ni bar 1."

Kinacholeta nguvu ni uzito wa hewa. Hewa ya nyuzi 25 ikibanwa kwa bar 1 na kompresa nzuri ya tabo (ufanisi wa 75%), hutoka na nyuzi kama 112. Roots yenye ufanisi wa 50% huitoa na nyuzi 155 hivi. Geji inasoma sawa, ila hewa ya kwanza ni nzito kwa karibu 11% na haichochei sana injini kugonga (mafuta kujilipukia yenyewe ndani ya silinda). Intakula (kipoza hewa iliyobanwa) hupunguza tofauti hiyo, na methanoli pia, kwani huipoza hewa sana inapogeuka mvuke.

Mwinuko nao una neno. Hewa ya Nairobi ina presha ya kama bar 0.83. Supachaja inayotoa bar 1 Mombasa, kwa puli zilezile, itatoa takriban 0.83 kule juu. Tabo inaweza kufidia kwa kuzunguka kasi zaidi, ilimradi haijafika kikomo chake.

"Top Fuel wanatumia supachaja, basi ndiyo bora."

Wanatumia Roots kwa sababu kanuni za NHRA (chama cha dragi cha Marekani) hazikubali tabo wala sentrifugali katika daraja hilo. Isitoshe, mafuta yao, nitromethani, hubeba oksijeni yake yenyewe, kwa hiyo udhaifu wa Roots hauwaumizi kama utakavyokuumiza wewe mwenye petroli. Soma kanuni za daraja lako kwanza. Baada ya hapo, kwa injini kama 2JZ ya Toyota au TB48 ya Nissan Patrol (inayopendwa sana Oman na Emirati), tabo ndiyo jibu karibu kila mara: ukipanga westigeti (valvu inayopitisha moshi kando ya turbini) kwa sekunde au kwa gia, unatoa busti kadiri tairi zinavyoweza kushika. Kwa V8 kubwa yenye kabureta na fundi asiyetaka kuhangaika na kompyuta, supachaja ina maana.

"Mafuta tutayashughulikia baadaye."

Petroli kwenye injini yenye busti hukadiriwa gramu 270 kwa kila nguvu ya farasi kwa saa. Nguvu 600 kwenye silinda 6, injekta (vinyunyizia mafuta) zikifanya kazi asilimia 85 ya muda, zinataka injekta za cc 750 kwa dakika. E85 (mchanganyiko wa ethanoli na petroli) inataka kama 1,000. Methanoli, zaidi ya mara mbili ya petroli. Regyuleta, kidhibiti cha presha ya mafuta, nayo lazima ipandishe presha hiyo bar kwa bar na busti. Isipofanya hivyo, injekta hutoa kidogo pale hewa inapozidi, mchanganyiko unakauka, na pistoni inatoboka.