M-Pesa haikuwa ya kwanza: dhana potofu kuhusu ubunifu na faida ya biashara

Wafanyabiashara wakianza kuzungumzia ubunifu, hachelewi kutokea mtu wa kutaja M-Pesa. Mfano wenyewe ni mzuri, ila husimuliwa vibaya, na wengi huondoka na funzo lililo kinyume cha yaliyotokea.

Dhana: Anayeanza ndiye anayeshinda

Ufilipino walikuwa na huduma za pesa kwa simu kabla ya Kenya: Smart Money tangu 2001 na GCash tangu 2004. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007, tena ikiwa imeshabadilishwa. Majaribio ya 2005 yalikuwa ya kuwawezesha wakopaji wa mikopo midogo kulipa marejesho kwa simu. Wakopaji hao wakaanza kutumiana hela wao kwa wao. Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya iliyokuwa ikiendesha majaribio hayo, ikaliweka kando wazo la mikopo na kuchukua la wateja: kutuma pesa nyumbani. Kabla mwaka haujaisha, waliojisajili walikuwa wamepita milioni 1.

Upande wa pili kuna Kodak, kampuni ya Marekani ya kamera na filamu. Mhandisi wao Steven Sasson aliunda kamera ya dijitali mwaka 1975, na Januari 2012 kampuni ikakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai. Wanaosema Kodak walilala wanawaonea. Kamera za dijitali waliziuza kwa miaka. Shida ni kwamba faida yao ilikaa kwenye filamu, dawa za kusafishia picha na karatasi za kuzichapia, na kamera mpya haikuhitaji hata kimoja.

Dhana: Ubunifu ni teknolojia

M-Pesa ilianza kwenye simu za kitochi, kwa menyu iliyomo ndani ya laini na ujumbe mfupi. Hakuna cha ajabu hapo. Kazi kubwa ilikuwa kwa wakala.

Mteja anayeweka pesa anamhitaji wakala mwenye floti, yaani salio la pesa kwenye simu; anayetoa anamhitaji mwenye keshi. Sasa, fedha nyingi zinatumwa kutoka mjini kwenda kijijini. Kwa hiyo wa mjini anapokea noti kutwa nzima mpaka floti inamwishia, na wa kijijini analipa noti mpaka droo inabaki tupu huku floti imejaa kwenye simu. Wateja wawili watatu wakiambiwa "hamna hela, rudi kesho", wanaacha kuiamini huduma yenyewe, si wakala peke yake. Mawakala wakuu wa kuwabadilishia wenzao floti na keshi, kamisheni inayomfanya mwenye duka akubali kufunga mtaji wake humo, watu wa kuzunguka kukagua: bila hayo, programu nzuri kiasi gani isingesaidia kitu.

Safaricom hao hao, mwaka 2000, walianza kutoza simu kwa sekunde wakati mshindani wao akitoza kwa dakika. Aliyepiga kusema "nimefika" alilipia sekunde zake tu. Ni uamuzi wa bei, lakini uliwaletea wateja wa kipato kidogo, ambao ndio wengi.

Dhana: Kilichofaulu hapa kitafaulu popote

Kampuni ya simu ya Vodacom ilipeleka M-Pesa Afrika Kusini mwaka 2010 kwa kushirikiana na benki ya Nedbank, ikilenga wateja milioni 10. Mwaka 2016 ilifungwa ikiwa na watumiaji hai takriban 76,000. Huko watu wengi walikuwa na akaunti za benki tayari, na kulikuwa na njia nyingine za kutumiana hela. Shida iliyoifanya M-Pesa ihitajike Kenya na Tanzania haikuwa kubwa kiasi hicho.

Dhana: Mauzo yakipanda, ubunifu umelipa

Hii ndiyo inayoumiza wengi, hasa wenye maduka madogo. Jambo jipya huanza kwa kula fedha: mafunzo, makosa, bidhaa zilizoharibika, wateja wanaolalamika. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024, M-Pesa iliiingizia Safaricom takriban shilingi za Kenya bilioni 140, zaidi ya asilimia 40 ya mapato yake ya huduma. Hiyo ni miaka 17 baada ya kuzinduliwa.

Chukua duka linaloanza kupokea oda kwa WhatsApp na kumpelekea mteja nyumbani bure. Tuseme kila oda ina faida ya shilingi 3,000 na bodaboda anachukua 2,500. Oda zikiongezeka mara tatu, mwenye duka atajiona amepatia, kumbe anachoka mara tatu kwa shilingi 500 kila safari. Akiamua oda za mtaa mmoja zitoke pamoja saa kumi jioni, na bodaboda akakubali 4,000 kwa mzunguko wa oda tano, usafiri unashuka hadi 800 kwa oda, naye anabaki na 2,200. Hajanunua programu yoyote, amebadilisha ratiba.