Kabla hujaongeza spotilaiti, pima taa ulizonazo

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku, Oktoba 1, 2023, barabara kuu ya Tunduma hadi Iringa haina saa ya kupumzika. Malori ya Zambia na Kongo yalikuwepo siku zote. Sasa kuna mabasi pia, na nyuma yake Noah na magari madogo ya watu wanaotaka kuamkia Dar es Salaam. Malalamiko ya taa yameongezeka hivyo hivyo. Dereva wa basi anamlalamikia wa lori, wa lori anamlalamikia mwenye gari dogo, na mwenye gari dogo anatuambia amefunga spotilaiti nne kwa sababu hao wawili walimchosha.

Hakuna anayenunua taa ili aue mtu, na sisi wakaguzi wa magari hatuanzi na dhana hiyo. Lakini gari linapofika mbele yetu na taa sita usoni, karibu kila mara kuna jambo ambalo mwenyewe hakuambiwa dukani: dereva anaona mbali kutegemea mwanga unatua wapi, hata kama ni wa wati chache.

Chukua balbu ya H4, ile ya miguu mitatu iliyomo kwenye magari mengi ya Kijapani. Ina nyuzi mbili, wa fulu (mwanga wa mbali) wati 60 na wa dimu (mwanga wa chini, wa kupishana) wati 55. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha bati. Kazi yake ni kuzuia mwanga usigonge nusu ya chini ya reflekta, lile bakuli linalong'aa ndani ya taa, kwa sababu mwanga ukigonga pale unarudi ukipanda juu, kwenye macho ya anayekuja. Kikombe hicho ndicho kinachochora ule mstari unaouona ukutani, juu giza na chini mwanga. Reflekta nzima imechongwa kwa hesabu kwamba uzi uko pale pale ulipo. Sasa weka balbu ya LED ya bei poa ambayo vipande vyake vya mwanga vimekaa milimita mbili nje ya pale palipokuwa na uzi, au fundi aifunge ikiwa imezunguka kidogo. Mstari unapotea na mwanga unatapakaa kila upande. Wewe kwenye usukani unaona mita kumi za mbele ya bampa zinang'aa na unaridhika, kumbe jicho lako limeshazoea mng'ao huo wa karibu na halimwoni tena mtembea kwa miguu aliye mita sitini mbele. Zenoni iliyopachikwa kwenye taa ya halojeni, yaani ya balbu ya uzi kama hiyo H4, ina kasoro hiyo hiyo, tena kwa mwanga mwingi zaidi. Gari lililotoka kiwandani na LED au zenoni ni habari nyingine, maana taa yake nzima imeundwa kwa chanzo hicho.

Ndiyo maana "fundi amenihakikishia" haitusaidii. Fundi aliiwasha mchana, gari likiwa limesimama, na yeye amesimama nyuma ya bampa.

Kuna kosa la malori ambalo halizungumzwi kabisa. Taa ya dimu haimuliki sawa pande zote mbili. Upande mmoja mwanga unapanda kidogo ili dereva aone ukingo wa barabara na watu wanaotembea pembeni. Kwa nchi inayoendesha kushoto kama yetu, unatakiwa upande kushoto. Magari ya Japani na Uingereza yamekuja hivyo. Lakini lori lililotengenezwa kwa ajili ya bara la Ulaya, ambako wanaendesha kulia, mwanga wake unapanda kulia, na kwetu kulia ndiko anakotoka mwenzako. Dereva wa lori hilo anaweza kupiga dimu kwa uungwana wote na bado akampofusha kila anayepishana naye kutoka Mbalizi hadi Makambako. Hajui, na anayepofushwa anadhani amefanyiwa kusudi. Baadhi ya taa za zenoni na LED zina kiswichi ndani cha kubadilisha upande. Zisizo nacho zinabadilishwa taa nzima, siyo balbu. Jisogeze ukutani usiku na uangalie mwanga unapanda upande gani. Ni kazi ya dakika moja.

Tuje Kitonga, ule mlima wa kona kali mkoani Iringa. Kila anayefunga spotilaiti huku kwetu anaitaja Kitonga kama sababu, na pale ndipo spotilaiti inaposaidia kidogo kuliko mahali pengine popote. Kwenye kona taa inamulika mbele moja kwa moja, yaani inamulika bonde, wakati barabara imeshakata kushoto. Na gari linalopanda limeinua pua, kwa hiyo hata dimu iliyopimwa vizuri inaweza kufika kwenye kioo cha anayeshuka. Ukiongeza juu yake wati mia mbili za spotilaiti, dereva anayeshuka na tani thelathini anaendesha sekunde kadhaa bila kuona. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde, maana yake sekunde tatu za kutoona ni mita 66. Nawaomba madereva wenzangu waupime umbali huo kwa miguu siku moja. Miaka michache iliyopita nilikuwa natoka Njombe usiku, nikapishana na gari lenye utepe wa LED juu ya paa. Nilipoanza kuona tena, matawi ya mti yalikuwa tayari chini ya magurudumu yangu, na trela bovu lisilo na reflekta hata moja lilikuwa hatua chache mbele. Matawi ndiyo yaliyoniokoa.

Sheria sasa. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ilitungwa mwaka 1973 na bado ndiyo inayotuongoza. Mbele ni taa nyeupe au za manjano, nyuma ni nyekundu. Taa nyekundu haiangalii mbele, na nyeupe haiangalii nyuma isipokuwa ya rivasi na ya kumulika namba. Vimulimuli ni vya magari ya dharura, na kwenye bodaboda au Noah ya familia havina nafasi, hata viwe vidogo kiasi gani. Tozo ya papo kwa papo ni shilingi 30,000 kwa kila kosa kwa gari, na shilingi 10,000 kwa pikipiki na bajaji. Naomba maneno "kwa kila kosa" yasomwe vizuri, kwa sababu ndiyo yanayoleta ubishi kila siku. Taa moja ya dimu haiwaki, hilo ni kosa. Kimulimuli kwenye grili, hilo ni jingine. Unaandikiwa, unapewa kontroo namba, unalipa benki au kwa simu, na fedha haishikwi mkononi na mtu yeyote. Deni linaonekana kwenye mfumo kwa namba ya gari, hivyo hata anayetaka kulinunua ataliona. Na kulipa hakuhalalishi taa. Tunaoneshwa risiti ya jana kana kwamba ni kibali. Risiti inafuta deni la jana, kimulimuli kikiwa bado kwenye grili leo, kosa bado lipo leo. Vilevile "gari limekuja nazo kutoka nje" si jibu, maana gari linakaguliwa kwa hali yake lilipo. Kasoro ikiwa kubwa, gari linaweza kuzuiliwa lisiendelee na safari mpaka litengenezwe, na gharama za mzigo kuchelewa ni za mwenye gari.

Anayehitaji taa za ziada kwa dhati, mfano anayeingia mashamba ya Mufindi au vijiji vya Makete ambako hakuna mwanga wowote wa njiani, azifunge kwa mpangilio. Ziwe jozi, ziwe usawa mmoja, na umeme wa kuziamsha utoke kwenye waya wa fulu, ili ukipiga dimu zizime zenyewe. Mkono ukisahau, waya hausahau. Spotilaiti mbili za wati 100 kwenye volti 12 zinavuta karibu ampea 17, na swichi ya gari haikutengenezwa kwa mzigo huo. Inayeyuka, na tumeona magari yaliyoanza kutoa moshi nyuma ya usukani. Kwa hiyo tumia rilei, yaani swichi ya umeme inayobeba mzigo badala ya swichi ya gari, na waya mnene utoke betri moja kwa moja ukiwa na fyuzi karibu kabisa na betri. Fyuzi ikiwa kwenye taa hailindi waya unaosugua bodi njiani.

Kwenye malori ya volti 24 kuna mtindo unaonikera, wa kufunga taa za volti 12 na "kuchota" umeme kwenye betri moja kati ya mbili. Betri hiyo inaishiwa wakati mwenzake inajazwa kupita kiasi, na baada ya miezi michache zote mbili ni za kutupa, mara nyingi asubuhi ya baridi pale Uyole gari linapokataa kuwaka. Taa za volti 24 zipo, na nyingi za LED zinakubali volti 10 hadi 30. Ofisi yetu haipendekezi duka wala chapa. Soma kilichoandikwa mgongoni mwa taa.

Ukungu nitausema kwa ufupi. Kawetere, Isongole, Njombe asubuhi, wote mnaujua. Hakuna rangi inayopenya ukungu, si ya buluu wala ya manjano, kwa sababu matone yake ni makubwa na yanatawanya rangi zote karibu sawasawa. Kinachosaidia ni taa kukaa chini, usawa wa bampa, ikimulika kwa upana na karibu. Fulu kwenye ukungu inakurudishia ukuta mweupe. Na jamani, hazadi, yaani indiketa zote kuwaka pamoja, ni ya gari lililosimama. Ukitembea nayo, anayekufuata hajui unakata kona lini.

Gari nyingi zinazoletwa kwetu zikidaiwa kuwa na "taa dhaifu" zina taa nzima kabisa iliyochafuka. Kioo cha plastiki kimekuwa cha njano kwa jua. Dawa ya meno inakisafisha kwa wiki chache tu, msasa wa maji na kupakwa upya ndiyo tiba. Au nyaya zimechoka: volti ikipungua asilimia kumi kwenye balbu ya halojeni, mwanga unapungua kwa karibu theluthi. Safisha kichwa cha waya wa bodi (ethi) kabla ya kwenda Mwanjelwa kununua kitu kipya.

Halafu pima. Tafuta ukuta na sakafu iliyonyooka, magurudumu yakiwa na upepo sahihi na dereva amekaa ndani. Kidude cha dashibodi cha kushusha taa kiwe sifuri. Weka alama ukutani kwenye usawa wa katikati ya taa, kisha rudisha gari mita 10. Ule mstari wa dimu unatakiwa ukae sentimita 10 chini ya alama. Kwa taa iliyo sentimita 70 kutoka chini, mwanga huo unafika mita 70 barabarani. Malori yenye taa za juu yanashushwa zaidi kidogo. Skrubu zipo nyuma ya taa, bisibisi inatosha. Siku ya kupakia viazi nyuma, zungusha kile kidude mpaka mstari urudi pale pale, maana mzigo umeinua pua. Ukimaliza, mweke mwenzako kwenye gari lililokuelekea mita 50 mbele, washa dimu, umuulize anaona nini.