Oksijeni ya wazi thieta: tunayoyaamini na yalivyo kweli

Mgonjwa anatolewa uvimbe mdogo shavuni. Amechomwa ganzi, anasinzia kidogo, ana mipira ya oksijeni puani (hii ndiyo oksijeni ya wazi, inayovuja hewani), na uso umefunikwa shuka za upasuaji, likaachwa dirisha dogo tu la kufanyia kazi. Daktari anaomba daithemi, kifaa cha umeme cha kukatia na kuzuia damu, ambacho hutoa cheche. Oksijeni, cheche na kitambaa vimekutana ndani ya sentimita chache, juu ya uso wa mtu.

"Oksijeni inawaka." Haiwaki yenyewe, inaviwasha vingine. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Ikizidi sana hapo, kitambaa, pamba, hata nywele hushika moto upesi na kuungua kwa ukali. Naitrasi oksaidi nayo hukoleza moto vilevile, kwa hiyo kuitumia badala yake si kinga.

"Lita 2 kwa dakika ni kidogo, ni kama asilimia 28 tu." Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, kwa sababu nusu yake ni kweli. Hiyo 28 ni makadirio ya kinachofika mapafuni, baada ya mgonjwa kuvuta na hewa ya chumba. Kinachotoka kwenye mpira ni oksijeni tupu. Nacho ni kizito kidogo kuliko hewa, kwa hiyo hujikusanya chini ya shuka, kwenye mikunjo ya shingo, pale pale cheche inapoangukia.

"Mashine ya usingizi ina flomita (kipimo cha mtiririko wa gesi) ya pembeni kwa kazi hiyo." Kwenye mashine nyingi flomita hiyo imeunganishwa na oksijeni peke yake. Ifungue lita 1 au 6, bado ni asilimia 100. Ukitaka mchanganyiko, gesi lazima ipite kwenye flomita kuu za oksijeni na hewa. Kama mashine yako ina tundu la kutolea gesi iliyochanganywa, tumia hilo. Kama haina, chukua kiungo cha mrija wa koo namba 5: upande mmoja unaingia kwenye kiungo cha umbo la Y mwisho wa mirija ya mgonjwa, na upande wa pili unashika mpira wa puani. Funga vali ya kupunguzia presha, la sivyo gesi itatorokea huko. Vepaiza zote, vifaa vinavyotoa mvuke wa dawa ya usingizi, ziwe zimezimwa. Nusu lita ya oksijeni kwa lita 4 za hewa inakupa karibu asilimia 30, na hicho ndicho kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ya wazi. Ngoja kipimo cha oksijeni cha mashine kikuoneshe namba hiyo kabla shuka hazijafunikwa. Kitufe cha oksijeni ya dharura usikiguse: kinamwaga lita 35 au zaidi kwa dakika, na hesabu yako yote inaharibika.

"Oksijeni ya mgonjwa ikishuka, nitaongeza tu." Kama asilimia 30 haimtoshi, anahitaji mrija wa koo au maski ya larinksi (inayokaa kooni juu ya njia ya hewa), gesi ibaki ndani ya mfumo. Na wengi wanaofanyiwa kazi kwa ganzi hawahitaji oksijeni ya ziada kabisa; kipima oksijeni cha kidoleni kitakwambia.

"Sisi tunatumia konsentreta, mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani, haina nguvu kama mtungi." Ikifanya kazi vizuri inatoa oksijeni ya asilimia 90 na zaidi. Ihesabu kama mtungi. Hospitali isiyo na hewa ya kuchanganyia bado ina njia: daktari aseme mapema kwamba anataka daithemi, oksijeni ifungwe, shuka zinyanyuliwe gesi itoke, na msubiri dakika chache huku mkiangalia kipima cha kidoleni.

"Spiriti ya kusafishia ngozi imeshakauka." Kwenye ngozi isiyo na nywele, ipe angalau dakika 3. Kwenye nywele huchukua muda mrefu zaidi. Pitisha mkono chini ya shingo: shuka ikiwa imelowa, ibadilishe.

Moto ukitokea, mmoja afunge gesi, mwingine avute shuka zote na kuzitupa sakafuni, wa tatu amwage maji ya chumvi. Bakuli la maji hayo liwe mezani kabla ya kisu kugusa ngozi.